Prius yenye rimu 17: nirudi kwenye rimu 15, au niongeze ukubwa wa tairi?

Mwana wa Haubi, Nzuguni

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni.

Ninaishi Nzuguni na ninafanya kazi Mtumba, katika Mji wa Serikali. Gari langu ni Toyota Prius ya mwaka 2011, ya kizazi cha tatu, yenye injini ya cc 1,800. Lilitoka Japani likiwa na rimu za inchi 17 na matairi ya 215/45R17, na kwa safari zangu za kila siku kwenda kazini sikuwahi kuona tatizo lolote.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Haubi kuwasalimu wazazi. Wakati wa kurudi, kabla sijaifikia lami, tairi la mbele kushoto lilipiga jiwe lililofichwa na vumbi la gari lililonitangulia. Upepo haukutoka, nikafika nyumbani salama na kusahau. Asubuhi ya Jumapili, nikifuta gari, niliona kwenye ubavu wa tairi uvimbe wa ukubwa wa yai la kuku wa kienyeji. Fundi alipolivua alinionyesha kwa ndani mahali ambapo nyuzi zimekatika, akasema hakuna kuziba hapo, ni kutupa. Alipolizungusha gurudumu la nyuma kulia likiwa juu ya jeki, tuliona pia kwamba rimu yake imebonyea upande wa ndani.

Kwa hiyo nimezunguka maduka manne mjini na nimerudi na ushauri wa aina nne. Wa kwanza anasema ninunue 215/45R17 yaleyale niendelee na maisha. Wa pili ananiuzia rimu 16 zenye 205/60R16. Wa tatu anasema niende rimu 15 lakini nifunge 205/65R15 "ili gari linyanyuke". Wa nne ana 195R15 ambayo anasema ni nailoni nane (yaani imara kama lenye tabaka nane za nyuzi) na hayafi hata kwenye mawe ya Haubi, na kwamba 195 ni 195, hakuna tofauti. Stika ya mlangoni imefutika nusu, namba za tairi hazisomeki.

Ninaomba mwenye ujuzi anieleze ni saizi ipi iliyo sahihi, na kama mfumo wa haibridi utasumbua nikibadilisha saizi. Ningependa pia kujua ulaji wa mafuta utabadilika kwa kiasi gani.

Fundi wa Kizota

Mleta mada, pole kwa tairi, na nianze na huyo wa nne kwa sababu ndiye atakayekuumiza kuliko wote. Tairi la 195R15 lisilo na mkwaju na namba ya pili ni tairi la gari la mizigo, na mara nyingi utaona herufi C baada ya 15. Namba ya pili ikikosekana haimaanishi kwamba haipo. Maana yake ni kwamba ubavu una urefu wa takribani asilimia 80 ya upana. Kipenyo chake kizima kinafika takribani milimita 690, wakati tairi la Prius la rimu 15 lina 634.5. Likiingia chini ya fenda litasugua, na ubavu wake mgumu uliotengenezwa kwa ajili ya Hiace utakupasua kiuno. Kusema "195 ni 195" ni sawa na kusema watu wawili wana urefu mmoja kwa sababu wana upana mmoja wa mabega.

Sasa tuzisome namba zenyewe. Katika 215/45R17, tairi lina upana wa milimita 215, ubavu wake ni asilimia 45 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 17. Asilimia 45 ya 215 ni milimita 96.75. Huo ndio mto wote uliopo kati ya jiwe la Haubi na chuma cha rimu yako. Katika 195/65R15, asilimia 65 ya 195 ni milimita 126.75. Tofauti ni milimita 30 kamili za mpira na hewa kila upande, na hizo ndizo zingeokoa tairi lako. Jiwe lilipolipiga, ubavu ulikunjwa hadi ukabanwa kati ya jiwe na ukingo wa rimu, nyuzi zikakatika, na hewa ikausukuma mpira mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuushikilia. Usilitumie hilo hata kama la akiba.

Prius za kawaida za kizazi chako zilitoka kiwandani na saizi hizo mbili tu, 195/65R15 na 215/45R17. Kwa barabara zetu ninakushauri urudi kwenye ya kwanza. Breki zako zinaingia ndani ya rimu 15 bila shida. Kipenyo cha 195/65R15 ni milimita 634.5 na cha 215/45R17 ni 625.3, kwa hiyo gari lako litainuka kwa milimita 4.6 bila wewe kukusudia. Huyo wa tatu anayetaka "linyanyuke" kwa 205/65R15 anakuuzia kipenyo cha 647.5. Kwa kuwa ekseli hupanda kwa nusu tu ya tofauti ya kipenyo, ukilinganisha na 195/65 unakuwa umenunua milimita sita na nusu, yaani chini ya unene wa kidole.

Jambo ambalo watu wa Dodoma hawaliangalii ni namba ya uzito, ile inayofuata baada ya saizi. Kwenye 195/65R15 utakuta 91, maana yake tairi moja linabeba kilo 615. Kwenye 215/45R17 ya kawaida utakuta 87, yaani kilo 545. Ukiwa na watu watano, magunia mawili ya karanga na betri ile kubwa iliyo nyuma ya kiti cha abiria, zile kilo 70 za ziada kwa kila tairi utazihitaji. Usikubali namba iliyo chini ya 91 kwa saizi hiyo ya rimu 15. Herufi inayofuata ni ya mwendo: S ni kilomita 180 kwa saa, T ni 190, H ni 210. Yoyote kati ya hizo inatosha, maana ukifika hata 120 kati ya Kibaigwa na Gairo utakuwa na mazungumzo marefu na watu wenye tochi.

Kuhusu kompyuta ya gari, haijui inchi za rimu yako. Inahesabu mizunguko ya magurudumu manne na kuyalinganisha. Matairi yote manne yakiwa na saizi moja haitalalamika. Linaloweza kuleta taa kwenye dashibodi ni mbele kuweka saizi moja na nyuma nyingine, au kufunga kwenye ekseli moja tairi jipya na jingine kipara. Hapo mfumo wa kuzuia kuteleza utadhani gurudumu moja linakimbia peke yake.

Dereva wa Mtera

Ninaheshimu maelezo ya Fundi, lakini mimi nina Prius kama hiyo na kwa miaka miwili nimefunga 205/60R16, nikipita njia ya Iringa kila wiki mbili. Gari limeinuka, matuta ya vijijini halisugui tena tumbo, na hakuna taa yoyote iliyowaka. Kitu pekee nilichokiona ni kwamba nikiwa na abiria watatu nyuma na kukata kona kali kwa kurudi nyuma, kuna mlio mdogo wa kusugua kwenye plastiki ya ndani ya fenda ya mbele, nami nimeuzoea. Mahesabu ya milimita ni mazuri kwenye karatasi, ila tumbo la gari langu linanishukuru.

Nikiri jambo moja tu: tangu nibadilishe, gari linaonekana kula mafuta zaidi. Zamani nilikuwa ninapata kilomita 20 kwa lita, sasa ni 19 na pointi kidogo.

Fundi wa Kizota

Dereva, mlio wa kusugua si wa kuuzoea. Plastiki hiyo ikitoboka, maji na matope ya masika yatakuwa yanarushwa kwenye waya za sensa ya gurudumu, na hapo ndipo taa zitakapowaka. Kama huwezi kubadilisha sasa, angalau lala chini ya gari na tochi ya simu utazame kama mpira umeacha alama nyeusi pia kwenye bomba la breki.

Kuhusu mafuta, sehemu ya hiyo hasara haipo. Tairi lako lina kipenyo cha milimita 652.4, na kama ulitoka kwenye 215/45R17 kama mleta mada, umekiongeza kwa asilimia 4.3. Gari linahesabu mizunguko, halihesabu udongo. Ukisafiri kilomita 1,000 za kweli, mita yako inaandika kama 958. Ukigawa 958 kwa lita 50 unapata 19.2, wakati kwa kilomita za kweli ni 20 ileile. Kwa hiyo kabla ya kulaumu tairi, zidisha kilomita zako kwa 1.043. Kinachobaki baada ya hapo ndicho tairi limekula kweli, na tairi zito lenye kashata kubwa (vile vinundu vya uso wa tairi) hula, kwa sababu mpira wake unajikunja zaidi kila mzunguko na nguvu hiyo inaishia kuwa joto.

Upande mbaya wa hesabu hiyohiyo ni spidomita. Kwa saizi yako, pale ulipokuwa ukienda 50 za kweli zamani, sasa kwa namba ileile ya spidomita unakwenda 52. Spidomita za kiwandani huonyesha zaidi kidogo ya mwendo wa kweli, na hiyo ndiyo imekuwa ikikukinga. Umeitumia akiba hiyo karibu yote.

Mleta mada, kwa upande wako kutoka 17 kwenda 15 ya kiwandani kunaongeza asilimia moja na nusu tu. Tairi jipya lenye kina cha milimita 8 likiisha hadi 1.6, ambapo vile vikingo vidogo ndani ya mifereji vinakuwa sawa na uso wa tairi, kipenyo chake kinapungua kwa karibu milimita 13, yaani asilimia mbili. Gari linavumilia tofauti hiyo kila siku za maisha ya tairi.

Mama Tumaini, Kisasa

Naomba niingilie kwa swali la jirani, maana mimi nina Toyota Aqua, nayo ni haibridi. Stika yangu inasema 175/65R15, lakini hapa mjini kila duka linanipa 185/65R15 kwa sababu ni saizi ya Toyota IST na IST zimejaa. Niliyafunga mawili ya mbele mwezi uliopita na nyuma nikaacha yale ya zamani ya 175. Nikifunga breki kwenye rasta zile (vituta vidogo vya mfululizo) za karibu na shule, ninahisi kama gari linateleza kidogo mbele halafu linashika. Fundi aliyenifungia alisema ni breki zimechoka, akataka kubadilisha pedi.

Fundi wa Kizota

Mama Tumaini, shikamoo. Usibadilishe pedi bado. Gari la haibridi linapopunguza mwendo, kazi kubwa hufanywa na mota inayogeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Gurudumu likidunda juu ya rasta na kupoteza mshiko, kompyuta huiachia ile breki ya umeme na kuikabidhi kazi breki ya kawaida, na katika kubadilishana huko mguu unahisi kama gari limeteleza mbele. Haibridi nyingi hufanya hivyo hata zikiwa mpya. Lakini mchanganyiko wako unaweza kuongeza hali hiyo: mbele una kipenyo cha milimita 621.5, nyuma 608.5, na kama yale ya nyuma yamekwisha, tofauti inazidi hapo.

Yahamishe ya IST yote mawili kwa mwenye IST. Ukikosa kabisa 175/65R15, tafuta 185/60R15 yote manne yenye namba ya uzito isiyopungua 84, kipenyo chake ni 603, umepungua kwa chini ya asilimia moja. Nami ningesubiri wiki moja duka likaniletea 175 kutoka Dar es Salaam kuliko kufunga nisichokitaka siku hiyohiyo. Pedi zikaguliwe kwa macho kwanza, ndipo zinunuliwe.

Mzee wa Chamwino

Vijana mmeongea saizi vizuri, ila nimeendesha magari ya serikali tangu barabara ya Dodoma hadi Iringa ikiwa vumbi tupu, na nimeona watu wakifunga saizi sahihi ya tairi lililokufa. Mwanangu wa Haubi, unafanya kazi Mtumba, usinunue tairi la mtumba. Kama fedha haitoshi na lazima ununue, chuchumaa utafute zile tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukiona 2316, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016, hata kama kashata zake zinang'aa kwa dawa ya kupaka. Kunja ubavu kwa kidole gumba utazame mipasuko myembamba kama ya udongo wa Bahi wakati wa kiangazi. Jua la huku linaua mpira uliosimama kuliko kilomita zinavyoua mpira unaotembea. Na alama hiyo mara nyingine iko upande mmoja tu wa tairi, hivyo muuzaji akikuonyesha upande usio nayo, mwambie aligeuze.

La pili ni upepo. Pima asubuhi kabla gari halijatoka. Ukifika Dodoma mchana ukitokea Morogoro, upepo utakuwa umepanda kwa psi tatu au nne kwa sababu ya joto, na kijana wa pampu atakuambia umezidi, aupunguze. Usimruhusu. Akiupunguza, kesho asubuhi utakuwa unaendesha tairi legelege, na tairi legelege ndilo linalopata moto na kupasuka, silo lililojaa. Kwenye Prius ya mwanangu wa kumzaa yenye rimu 15, stika inasema kilopaskali 230 mbele na 220 nyuma, sawa na psi 33 na 32.

La tatu, angalia kama unalo tairi la akiba. Mwanangu huyo wa kumzaa aligundua porini karibu na Mpwapwa, baada ya kuchomwa na mwiba wa mgunga, kwamba gari lake lilitoka Japani na chupa ya gundi na pampu ndogo tu.

Mwana wa Haubi, Nzuguni

Ninawashukuru wote, na Mzee shikamoo. Ninaleta mrejesho baada ya wiki mbili.

Nilikwenda 195/65R15, mapya, namba ya uzito 91, herufi H, tarakimu za DOT ni za mwaka huu. Duka halikuwa na haja ya kuagiza popote; nilipowaambia "saizi ya Wish", yaani Toyota Wish, walitoa seti tatu kutoka kampuni tatu tofauti. Kilichonipa kazi kilikuwa rimu. Nilizipata kwa muuza spea za mtumba, rimu 15 za alumini za Wish, matundu matano. Kwa kumkumbuka Fundi na mahesabu yake nilikwenda na futi ya chuma, nikasoma pia maandishi yaliyochongwa nyuma ya rimu: upana 6J (inchi 6) na kina 45 (milimita kutoka katikati ya rimu hadi uso unaokaa kwenye habu). Umbali wa matundu ni ule wa 5 kwa 100, yaani matundu matano kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati linakaa kwenye habu bila kuchezacheza. Gharama ya rimu hizo na matairi yote manne ilikuwa chini ya bei niliyotajiwa kwa matairi manne mapya ya 17. Tairi la akiba sina, Mzee umenifumbua macho: nilipoinua zulia la buti nilikuta chupa ya gundi iliyokwisha muda. Ninatafuta rimu ya tano.

Nusura kutokee kosa moja. Kijana aliyefunga alitaka kutumia nati za rimu za zamani, zile bapa zenye washa, wakati matundu ya rimu hizi mpya ni ya umbo la koni. Nati bapa kwenye tundu la koni inagusa ukingo tu, na inaonekana imekaza. Niliona mwenyewe kwa sababu nilikuwa nimechuchumaa pembeni, nikamwomba asimame tukatafuta nati za koni kwanza. Walikaza kwa spana ya kupimia hadi niutoni-mita 103, duka moja tu kati ya yote niliyopita lilikuwa nayo.

Kuhusu mwendo, nimelinganisha spidomita na ramani ya simu kwenye kipande kilichonyooka kuelekea Ihumwa. Zamani spidomita ikisema 80 simu ilisema 76. Sasa inasema 77. Kompyuta haijasema neno. Mafuta nitayasemea baada ya tangi tatu, na nitazidisha kwa 1.015 kama mlivyofundisha. Kilichobadilika wazi ni sauti: zile rasta za kuingia Mtumba zilikuwa zinaniingia menoni, sasa zinasikika kama mtu anayebisha hodi kwa kiganja.

Nilikwenda Haubi tena Jumamosi iliyopita, polepole, na nilirudi bila uvimbe. Nilipofika nilikaza nati upya kama nilivyoambiwa dukani, kwa kuwa nilikuwa nimepita kilomita mia moja tangu zifungwe. Kumi na tisa hazikusogea. Moja, ya nyuma kulia, ilizunguka robo nzima kabla spana haijalia.